Uvimbe Usiokuwepo

Daktari alipanga vifuko vitatu juu ya meza, kidogo, cha kati na kikubwa, akamwambia avishike tu asiogope. Mama Kasuku akavishika. Yeye ni fundi cherehani, mikono yake imezoea kukijua kitu kwa kukigusa, na alichokigusa pale kilikuwa laini, kizito, cha baridi, kikitelezateleza kila alipokibana. Akachagua cha kati. Kikubwa aliona haya hata kukiinua.

"Vizuri," daktari alisema. "Sasa nisikilize, maana wengi hunisikiliza wakishaumia."

Akamweleza bila kupaka sukari. Atalazwa kwa nusu kaputi. Atapasuliwa chini ya titi, pale penye mkunjo, ili kovu lijifiche, na kifuko kitasukumwa chini ya msuli. Akiamka atahisi kama mtu mzima amemkalia kifuani. Mikono hataweza kuinyanyua kupita mabega. Hatalala kifudifudi wala kiubavu. Habebi mtoto, hachoti maji, hafui, na nywele atachanwa na mtu mwingine. Atavaa sidiria ya kubana mchana na usiku kwa wiki kadhaa.

"Mwanzoni yatakaa juu, magumu, ngozi inang'aa. Utajiona umekosea. Usiogope, yatashuka taratibu. Chuchu zinaweza kufa ganzi, pengine kwa muda, pengine ndiyo basi. Na hivi vifuko si vya kuzikwa navyo. Miaka ikipita, vitataka kubadilishwa."

"Na mambo yakienda kombo, daktari?"

"Homa. Wekundu. Maji yanayotoka kwenye mshono. Ukiona kimojawapo usikae nyumbani ukiombewa dua, njoo siku hiyo hiyo." Daktari alikuwa ameshashika kalamu. "Mume wako anajua?"

"Anajua."

Hakusema uongo. Mumewe, fundi umeme anayeheshimika mtaa mzima kwa kazi safi na mdomo mwepesi, alijua kila kitu. Tena yeye ndiye aliyeanza, ingawa ukimwambia hivyo atakataa. Walikuwa wamealikwa kwa fundi mwenzake aliyehamia nyumba mpya. Wanaume walikuwa wakitaniana juu ya wake zao, na zamu yake ilipofika akasema, "Mimi nilioa mito miwili, bwana. Watoto wakala sufi yote, wakaniachia foronya." Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Mama Kasuku alikuwa ameshika sinia la glasi, na yeye akacheka, maana angefanya nini. Lakini tangu siku ile alivua nguo akiwa ameelekea ukutani, na hatimaye, kupata fedha za upasuaji, akaiuza cherehani yake kubwa ya kutarizi, ile iliyokuwa ikimletea kazi za maharusi, akabaki na ile ndogo ya kukanyaga.

Mumewe alipopewa habari alitabasamu kwa namna ambayo mkewe hakuwa ameiona kwa muda mrefu. Swali lake lilikuwa moja tu.

"Mama tutamwambia nini?"

"Sijui."

"Sema uvimbe. Unatolewa uvimbe kifuani. Hakuna atakayeuliza zaidi."

*

Mama mkwe alifika na mfuko wake mmoja kabla hata mgonjwa hajatolewa hospitali. Hakuitwa. Aliposikia neno uvimbe alifunga nyumba yake, akamwachia jirani kuku, akaja. Alikuwa mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, na mgonjwa aliporudishwa nyumbani akamfuata chumbani, akavuta kigoda, akakaa karibu na kitanda, akaushika mkono wa mkwewe kama anayepima homa.

"Mwanangu, wewe umewahi," alisema. "Mdogo wangu hakuwahi. Alificha. Alikuwa na kajiwe hapa, chini ya kwapa, akawa anakaonea aibu. Alipokuja kusema titi lilikuwa limeshapasuka lenyewe. Nilimwogesha mimi mpaka mwisho. Nilikuwa nachoma ubani ili wanawe waweze kuingia kumsalimia. Basi wewe shukuru Mungu."

Mama Kasuku alifumba macho. Kifua kilikuwa kinamwaka, kimekakamaa kama ubao, na kila pumzi aliipata kwa kuiomba. Alipoyafumbua tena alimwona bintiye amesimama mlangoni na beseni mkononi. Kasuku alikuwa ameingia kidato cha kwanza. Jina hilo alipewa kwa kusema kwake, kwani alianza kuongea kabla ya kutembea na hajanyamaza tangu siku hiyo. Sasa alikuwa amenyamaza.

"Lete hayo maji," bibi yake alimwambia. "Usisimame hapo kama mgeni."

Basi mama mkwe akashika nyumba. Alipika, alifua, alimpeleka Kidoti, yule mdogo wa miaka mitatu, chooni. Asubuhi alimwogesha mkwewe kwa kitambaa, mgongo, miguu, shingo, akamchana nywele na kumsuka mabutu mawili kama mtoto wa shule. Sidiria ile hakuigusa, kwa kuwa aliambiwa daktari amekataza. Lakini alikuwa na macho.

"Mimi nilidhani ukitolewa kitu, panabonyea," alisema siku moja akikamua kitambaa. "Wewe mbona ndiyo kwanza pamejaa?"

"Ni dawa, Mama. Wamesema patashuka."

"Hata huku kwingine?"

"Walipasua kote kuwili. Walikuwa wanahakikisha."

Mama mkwe akatikisa kichwa kwa huruma. "Walikuwa wanatafuta mizizi. Wamefanya vizuri."

*

Habari za ugonjwa zina miguu. Jumapili mchana wanawake wa chama chao cha kuzikana na kufaana walikuja, wakajaza sebule na ukumbi mdogo, wengine wakakaa kwenye mkeka. Mbele yao alikuwa muuza mkaa, mwenyekiti wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu toka mbali, ambaye siku hiyo aliongea kwa kunong'ona. Nyuma yao alikuwa msusi, aliyekuwa mdogo kuliko wote, na aliyejiunga na chama juzi juzi tu.

Walimwombea. Mmoja alimwambia shangazi yake alipona kabisa. Mwingine akasema wa kwao hakupona, akakanyagwa mguu na mwenzake, akanyamaza. Kisha muuza mkaa akatoa bahasha.

"Baba Kasuku, ni kidogo, lakini kimetoka moyoni. Huyu mwenzetu ndiye aliyetushonea sare bure mwaka ule. Leo ni zamu yetu."

Fundi umeme alikuwa amesimama karibu na mlango wa chumba. Alimtazama mkewe, mkewe akamtazama. Kulikuwa na nafasi ndogo pale ya kusema neno, na wote wawili waliiona. Kisha akaipokea bahasha kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Mungu awarudishie," alisema, bila kuinua macho. Wanawake waliokuwa karibu wakadhani ni uchungu.

Walipoondoka, Mama Kasuku alimwita mumewe. "Rudisha."

"Nirudishe niseme nini?"

Bahasha ikaingia kwenye kabati, chini ya mashuka, na siku chache baadaye ikatoka kulipia dawa.

*

Yaliyobaki yaliharibika siku ambayo mama mkwe alikwenda kununua mboga. Kidoti alikuwa amepanda kiti kutafuta sukari juu ya kabati la vyombo. Mama yake alikuwa ameketi kitandani, mlango wazi, akaona kiti kinainama. Hakufikiri. Mtu hafikiri katika hali ile. Alimrukia, akamdaka mtoto kwa mkono wa kushoto, na ndani ya kifua chake kitu kikaachia, kama mshono wa suruali iliyobana.

Kidoti hakuumia hata kidogo. Aliendelea kuulizia sukari.

Siku iliyofuata sidiria ilikuwa na unyevu upande wa kushoto. Ya pili, unyevu ule ukawa na rangi ya chai nyepesi. Alijifungia chooni akajitazama kwa kioo kidogo cha mumewe cha kunyolea. Titi la kulia lilikuwa limeanza kutulia na kuwa na umbo, zuri hasa, la kuchora. La kushoto lilikuwa jekundu, linang'aa, na mshono umefunua mdomo mdogo. Alikumbuka maneno ya daktari neno kwa neno. Angeweza kwenda mchana ule ule.

Tatizo ni kwamba mama mkwe alikuwa ameshatangaza, "Ukirudi kwa daktari tunakwenda wote. Nataka nimuulize mwenyewe, kwa mdomo wangu, kama mizizi yote imetoka."

Mumewe aliporudi kazini alimwonyesha. Yeye aligeuza uso upesi.

"Hii si nzuri," alisema.

"Nipeleke kesho."

"Na mama?"

"Mwambie chochote."

Alijikuna kidevu. "Mama anarudi kwake mwisho wa wiki. Amesema kuku wake wameanza kuibwa. Vumilia mpaka hapo. Nikuletee vidonge vya usaha dukani?"

Akaleta vidonge. Mama Kasuku akavimeza, na akavumilia. Alivaa sweta mchana wa jua kali akasema anasikia baridi tu. Chakula alikirudisha nusu, akasema tumbo. Mama mkwe alimtazama na kutomaliza sentensi zake. Mwisho wa wiki haukufika. Asubuhi moja alipokuwa akichanwa nywele, kichwa kikalegea mikononi mwa yule mama kama cha mtoto mchanga, na aliposhikwa shingo ilikuwa inaunguza.

Mama mkwe hakumpigia mwanawe simu kuomba ushauri. Alitoka barabarani na kanga begani, akasimamisha gari la kwanza lililopita, akasema, "Hospitali kubwa. Mwanangu anakufa."

*

Hospitali kubwa ni ya umma, na katika hospitali ya umma pazia la kitanda halifiki mwisho. Daktari wa zamu alikuja na wanafunzi wake, vijana wenye makoti meupe mapya, wakakizunguka kitanda. Akaifungua sidiria, akabonyeza, usaha ukatoka.

"Historia?" aliuliza.

Mama Kasuku alitazama pembeni. Mama mkwe alikuwa amesimama upande wa miguu na chupa ya chai. "Alitolewa uvimbe," mama mkwe alisema. "Saratani. Wamewahi."

Daktari akamtazama mgonjwa, akatazama kovu moja, akatazama la pili, yote mawili yamenyooka na kulingana. Hakuwa mtu mbaya. Aliinama kidogo akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, uliweka vifuko?"

"Ndiyo."

"Lini?"

Akamwambia. Daktari akajinyoosha, na kwa kuwa alikuwa na wanafunzi, akawageukia akaongea kwa sauti ya darasani. "Huyu aliongeza matiti. La kushoto limeingia maambukizi. Antibiotiki peke yake haitoshi, kwa sababu dawa haiwafikii wadudu waliogandia kwenye kifuko. Kifuko kinatoka leo. Cha kulia kiko salama, tunakiacha. Kurudishia kingine kabla ya miezi kadhaa haiwezekani." Msichana mmoja kati ya wanafunzi alikuwa akiandika, na alipofika mahali fulani alimtazama Mama Kasuku usoni, kisha akaendelea kuandika.

Chupa ya chai haikudondoka. Mama mkwe aliiweka chini polepole, akahakikisha imesimama. Kisha akatoka nje ya wodi.

Alirudi baada ya upasuaji. Mama Kasuku alikuwa na mpira mwembamba ubavuni ukitoa maji machafu kwenye kichupa, na dripu mkononi. Yule mama akavuta kiti, akakaa, safari hii bila kumshika mkono.

"Nilifunga kwa ajili yako," alisema. "Nilifunga na magoti haya, na presha hii. Nilimwomba Mungu kama anataka titi achukue langu, mimi limeshamaliza kazi."

"Mama, nisamehe."

"Sijamaliza. Nilimtaja mdogo wangu nikiwa nakuogesha. Mambo ya ugonjwa wake sijawahi kumwambia mtu, hata mume wako hayajui. Wewe ukalala pale ukanisikiliza." Alijifunga kanga upya. "Ungeniambia unataka kuwa na maziwa makubwa, ningecheka. Ningekutukana kidogo. Halafu ningekuogesha hivyo hivyo."

Mama Kasuku alilia bila sauti, kwa sababu kulia kwa sauti kulivuta mshono. Mkwewe alimfuta machozi kwa ncha ya kanga, lakini alifuta kama mtu anayefuta meza.

Jioni alikuja fundi umeme na matunda. Alikuwa ameshakutana na mama yake nje, na masikio yake yalikuwa bado yanamwaka. Akakaa akaanza kumenya chungwa ambalo hakuna aliyeliomba.

"Umeniweka pabaya," alisema.

"Mimi?"

"Mama haongei na mimi. Kwani nilikutuma? Sema ukweli wako, nilikutuma mimi?"

"Hukunituma."

"Basi."

"Ulisema watoto wamekuachia foronya."

Aliacha kumenya. Alimtazama kwa mshangao wa kweli, na mkewe akaona kwamba anatafuta kichwani na hapati kitu. "Nilisema lini?" aliuliza.

Mkewe alikuwa amelibeba neno lile kila siku tangu liliposemwa, na mwenyewe alilidondosha pale pale kwa fundi mwenzake, akaenda zake.

*

Alirudi nyumbani na titi moja. Ndivyo alivyoiona hali yake, ingawa si kweli: kushoto palibaki ngozi yake mwenyewe, imelegea, imekunjamana kuzunguka kovu, na kulia palisimama lile jipya, la mviringo, halina habari. Kila blauzi ilimkaa upande. Alikata kipande cha sponji akakishona ndani ya sidiria, na alipojitazama kwenye kioo, akainua sindano tena akakipunguza kidogo.

Mama mkwe alikaa mpaka mpira ulipotolewa na mgonjwa akaweza kujichana mwenyewe. Alifanya kila kazi kama zamani, ila alizungumza maneno ya lazima tu: kula, geuka, maji haya ni ya moto. Siku ya kuondoka alikunja kanga zake, akafunga mfuko, akasimama mlangoni.

"Mtoto wako hasemi," alisema. "Umegundua?"

"Kasuku? Amekua tu, Mama. Wakikua hutulia."

"Haya." Akachukua mfuko wake. "Lakini mwambie. Ukishindwa kumwambia mtu mwingine yeyote, yeye mwambie."

Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na sare ilikuwa imemfupia Kasuku. Mama yake akamwita chumbani ampime. Urefu ulikuwa umeongezeka sana, mabega yameongezeka, mikono imekuwa ya mtu mzima. Akapitisha utepe kifuani, akausoma, akausoma tena. Kifua kilikuwa kimepungua.

Fundi hukosea mara moja, hakosei mara mbili. Alibonyeza kwa kidole. Chini ya blauzi palikuwa pagumu.

"Vua."

"Mama, hapana."

"Nimesema vua."

Kasuku akavua. Alikuwa amejizungushia ukanda mrefu wa kitambaa cha bitana, cha pale pale kwenye kikapu cha mabaki, mzunguko juu ya mzunguko, na ncha ameishona kwa uzi ili isifunguke. Alikishona vizuri. Mama yake alilazimika kuchukua mkasi. Kitambaa kilipoanguka, ngozi ilikuwa na michirizi myekundu kuzunguka mbavu, mahali pengine imechubuka, na matiti yake madogo yalikuwa yamelazwa bapa, yamevilia damu kidogo.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoumwa."

"Kwa nini, mwanangu?"

Kasuku alitazama sakafu. Alipoongea alisema haraka, kama zamani. "Bibi alisema la mdogo wake lilianza na kajiwe. Mimi ninayo mawili, Mama. Niliyashika, ni magumu, yanauma. Mwalimu wa sayansi alisema ugonjwa huu unaweza kutembea kwenye ukoo. Bibi mdogo, halafu wewe, halafu mimi. Nikasema nikiyabana yasikue, labda."

Mama Kasuku akakaa kitandani. Alijua anachotakiwa kusema, na alijua kwamba akishakisema, hatalipata tena lile jicho ambalo mtoto wake alikuwa akimtazama nalo. Angeweza kusema sehemu tu. Angeweza kusema daktari alikosea, haikuwa saratani. Neno lile lilimjia mdomoni limeshakamilika, zuri, halina doa.

"Sikuwa naumwa," alisema.

"Vipi?"

"Hakukuwa na uvimbe. Na bibi mdogo ni wa upande wa baba yako, hanihusu mimi kwa damu. Nilikwenda kuongezewa matiti, kwa sababu nilitaka yawe kama ya zamani. Tukadanganya. Huku kukaoza, wakakitoa walichoweka. Hayo mawe yako si mawe. Ndivyo yanavyoanza. Mimi yangu yalianza hivyo hivyo, na yaliuma, na yalipona yenyewe."

Nje Kidoti alikuwa anaimba wimbo wa shule asiyoisoma.

"Mimi nilikuwa nahesabu pumzi zako," Kasuku alisema. "Ukilala mchana. Nilikuwa sitoki kucheza, nahesabu."

"Najua. Hapana. Sikujua."

"Nionyeshe."

Akafungua vifungo, akashusha sidiria na sponji yake. Kasuku akasogea. Alitazama upande mmoja, akatazama wa pili, kwa makini, bila kuchukia, bila kuhurumia, kama anavyotazama hesabu ubaoni.

"Lipi ndilo lako?" aliuliza.

Mama yake akaweka kiganja juu ya lile la kushoto, lililosinyaa. "Hili."

*

Baada ya hapo haikuwa kazi ngumu kuwaambia wengine, au tuseme ngumu zaidi ilikuwa imekwisha. Chama kilipokuja tena kumjulia hali, alimwacha muuza mkaa amalize kuomba, kisha akawaambia. Aliwaambia na habari ya bahasha, kwamba atailipa kwa kuwashonea kidogo kidogo mpaka iishe. Mumewe, aliposikia anaanza, alikuwa ametoka nje kwenda kutazama nguzo ya umeme ambayo haikuwa na tatizo.

Hakuna aliyemtukana. Muuza mkaa alisema tu, "Haya, mama," akakusanya kanga yake. Yule aliyemwambia habari za shangazi yake alipita mbele yake bila kumpa mkono. Viatu vikavaliwa kimya mlangoni, na alipofika wa mwisho barabarani, sauti zikapanda zote kwa pamoja.

Msusi alibaki nyuma. Alisema hakioni kiatu chake kimoja, na vyote viwili vilikuwa mguuni. Kasuku alikuwa anakunja mkeka.

"Dada," msusi alisema kwa sauti ya chini. "Ni hospitali gani?"

Mama Kasuku alimtazama. Alikuwa binti mzuri, shingo ndefu, amevaa blauzi pana isiyomkaa, na mikono yake ameikunja kifuani kama mtu anayesikia baridi.

"Una mtoto?"

"Mmoja. Ananyonya bado." Akacheka kidogo, kicheko cha aibu. "Mwenzangu anasema nimeisha."

"Kaa."

Akakaa. Mama Kasuku akamweleza, na alishangaa jinsi alivyokumbuka vyote: nusu kaputi, mkunjo, mtu mzima kukukalia kifuani, mikono isiyopanda, kuchanwa nywele na mama wa mwanamume, ganzi ambayo haijaondoka mpaka leo hata akijichoma sindano. Alimweleza harufu ya usaha wake mwenyewe. Alimweleza wanafunzi na kalamu zao. Na alipoona yule binti anaitikia tu kwa kichwa, macho hayaogopi, akafungua vifungo akamwonyesha.

Msusi alitazama. Aliangalia kushoto, uso ukamkunja, akaangalia kulia, na hapo macho yake yakakaa. Yakakaa sana. Mkono wake uliinuka wenyewe kidogo kutoka mapajani, ukarudi.

"Lakini hili lingine, dada," alisema, "hili si limetoka vizuri?"

Kasuku aliuacha mkeka ulivyo, nusu umekunjwa, akamshika mdogo wake mkono, akatoka naye nje.